Namna ya Kutikisa Finjani

Fereej Bin Mahmoud, Doha,
jua likielekea kuzama

Mghoi mwanangu,

Chumvi iko ndani ya kopo lililoandikwa sukari. Sukari iko ndani ya kopo la maziwa ya unga. Maziwa ya unga yaliisha na hatukununua mengine kwa sababu hakukuwa na kopo la kuyatia. Nayaandika haya mwanzo kabisa ili ujue kwamba jana nilikusikia. Sikuwa najificha. Nilikuwa bafuni nanyoa ndevu, na kuta za jengo hili unazijua, jirani akipiga chafya sisi ndio tunaomwombea afya. Ulikuwa kwenye simu na shangazi yako wa Voi. Ulimwambia huenda kesho usipande ndege, utawaomba wenye chuo wakungojee mpaka mwakani, kwa sababu "Baba hajui hata chumvi iko wapi."

Mimi hukuniambia. Mimi umeniambia tu kwamba mikono ya koti ni mirefu, nami nikaishukuru mikono hiyo, nikakutuma kwa fundi wa mtaa wa Najma ili nipate nafasi ya kukaa na kalamu. Fundi yule namjua. Atakwambia keti kidogo, kisha atashona suruali za mtaa mzima mbele ya macho yako. Na koti zito kama lile, Doha, mwezi wa tisa, lazima atataka kwanza kuelezwa ni la nini.

Barua si kazi yangu. Niliishia kidato cha pili, na mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa akisema insha zangu zinaondoka vizuri lakini hazifiki. Kwa hiyo hii ikianza kupotea, ifuate tu polepole, itarudi yenyewe.

Habari za soksi, za kula vizuri, za kusali na za kufunga mlango sitaziandika. Shangazi yako amezimaliza zote. Nataka kukuandikia habari za Vienna, mji unaokwenda, ambako mimi nilikaa kiangazi kizima nikiwa dereva asiye na gari. Vipande umevisikia. Lakini aliyekuwa akiisimulia vizuri ni mama yako, ambaye hakwenda, na tangu atutoke hakuna aliyeisimulia tena katika nyumba hii.

Nianze na Umm Salal, kwa sababu bila Umm Salal hutaielewa Vienna.

Nilipofika nchi hii, kabla sijapata kazi ya kusimamia mabasi ya shule, nilikuwa dereva wa familia moja huko Umm Salal. Mama wa tajiri wangu aliitwa Umm Nasir. Alikuwa bibi mfupi, miguu imechoka, sauti haijachoka hata kidogo. Siku yangu ya kwanza aliniketisha barazani akanimiminia kahawa yao ile ya iliki, ndani ya finjani isiyo na mkono, ndogo kama ya kuchezea watoto. Nikanywa. Nikamrudishia finjani kwa mikono miwili, kama mtu aliyelelewa. Akaijaza. Nikanywa, nikarudisha, akajaza. Mimi ni Mtaita, nimefundishwa kwamba ukiwa ugenini hukatai unachopewa. Nikasema moyoni, huu ni mtihani, anataka kuona kama dereva wake ana adabu. Nikaendelea kuwa na adabu mpaka macho yakanitoka. Kisha nikaambiwa niwashe gari tumpeleke sokoni, na nakwambia Mghoi, sijawahi kuendesha gari nikiwa macho namna ile. Niliona mpaka mchwa wa ng'ambo ya barabara.

Tuliporudi ndipo akaniuliza kwa upole, "Mwakio, mbona hutikisi finjani? Nilidhani kwenu kuna njaa."

Kumbe kwao, ukirudisha finjani hivi hivi, umeomba nyingine. Ukitosheka, unaitikisa kidogo, kulia na kushoto, ndipo unairudisha. Basi. Hakuna anayekasirika. Yeye naye alikuwa akijiuliza mgeni huyu atashiba lini, lakini kwao mwenye nyumba hawezi kuacha kumimina kabla mgeni hajatikisa. Tulikuwa watu wawili tunaoteseka kwa sababu ya heshima.

Sasa Vienna. Wewe ulikuwa darasa la pili. Familia ya tajiri wangu ilikwenda kukimbia joto la huku, nami nikachukuliwa nikamsukume Umm Nasir kwenye kiti cha magurudumu. Tulipofika, mji wenyewe ulikuwa umepatwa na joto, na hoteli ilikuwa ya zamani sana, nzuri sana, haina kiyoyozi. Umm Nasir alikaa kitandani akajipepea kwa kitabu cha hoteli, akauliza nani amempandisha mtu mzima ndege kuja kutafuta joto ambalo ameliacha nyumbani limejaa.

Siku ya pili vijana walikwenda madukani wakatuacha. Nikamsukuma mtaani kumtafutia kivuli. Tukapita mbele ya jumba moja kubwa lenye sanamu juu ya paa, mlango wake ukafunguliwa, na upepo baridi ukatoka humo ukatugusa uso sote wawili. Umm Nasir akainua mkono. "Hapa," akasema. Hakuuliza ni jumba la nini. Lilikuwa jumba la makumbusho.

Ndivyo nilivyoingia katika mambo ya sanaa, mwanangu. Watu wengine huitwa na moyo, mimi niliitwa na kiyoyozi. Umm Nasir alipogundua kwamba huko picha hulindwa dhidi ya joto, alisikitika kidogo. Akasema wazee waliochorwa humu walikufa zamani na bado wanalala pazuri kuliko yeye. Kuanzia siku hiyo tulikwenda kila asubuhi.

Siku ya kwanza tulitaka kuona kila kitu. Nakusihi usijaribu. Umm Nasir alikuwa na magurudumu, mimi nilikuwa na visigino. Kila chumba kilizaa vyumba viwili. Kufikia saa sita nilikuwa nimeona wafalme wengi hata nikaanza kuwasahau wakiwa bado mbele yangu. Jioni mama yako akanipigia simu kutoka hapa Doha, akauliza nimeona nini. Nikamwambia nimeona vitu vingi. Akasema, "Baba Mghoi, vingi si kitu. Niambie kimoja." Sikuwa nacho.

Kesho yake nikaenda kukitafuta, kwa sababu nilijua atapiga tena, na mama yako akiuliza swali halisahau. Katika chumba kimoja cha picha za watu, nikamwona nyanya yako.

Najua unacheka. Mama yako naye alicheka. Lakini niliona. Ni mama wa Kizungu, amevaa kofia nyeupe na kola ya manyoya, mikono ameiweka tumboni, na macho yale ni ya mama mkwe wangu siku nilipochelewa kufika kwao Wundanyi kuposa. Ni macho yanayosema, mvua si sababu. Nilipovuka upande wa pili yakanifuata. Bila kufikiri nikavua kofia. Umm Nasir akaniuliza nimesalimia nani. Nikamweleza. Akaitazama ile picha muda mrefu, kisha akasema, "Huyu ni mama mkwe wa mtu, hilo halina shaka."

Tukawa tunakaa chumba kile kila siku, na hapo ndipo yalipotokea mambo ya kahawa.

Umm Nasir hakuwahi kutoka bila kahawa yake. Chupa ilikaa chini ya kiti, imefunikwa shali, pamoja na tende na finjani ndani ya kitambaa. Mimi nilijua kwamba kwenye vyumba vile hairuhusiwi hata maji. Nilimwambia. Akasema yeye hanywi maji. Sasa katika chumba kile alikuwepo mlinzi, mzee mrefu mwenye masharubu meupe, amesimama pembeni kama mwavuli uliofungwa. Umm Nasir akajimiminia. Kabla hajanywa akamwona. Na kwao, mtu akisimama karibu nawe wewe unakunywa na yeye hujampa, aibu inakuwa yako. Akainua finjani, akamnyooshea.

Mzee yule akatazama mlangoni, akatazama picha, kana kwamba nyanya yako atamshtaki. Uso ule naujua, ni wa mtu anayepima kanuni kwa upande mmoja na bibi kizee kwa upande mwingine. Akashindwa. Akaja, akainama, akanywa haraka ili ushahidi uishe. Kisha, kama mtu aliyelelewa, akarudisha finjani kwa mikono miwili.

Umm Nasir akaijaza.

"Danke," akasema yule mzee, ndiyo asante ya kwao. Akanywa. Akarudisha. Ikajazwa. "Danke." Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti, nikaona wazi kinachoendelea. Ningeweza kumsaidia. Lakini zile za Umm Salal nilizinywa peke yangu, hapakuwa na wa kuniokoa, na kusema kweli nilitaka kuona mwenzangu atafika wapi. Alifika mbali. Masharubu yalianza kutetemeka. Alikuwa bado anasema danke, lakini kwa sauti ya mtu anayeaga.

Ndipo akaingia mkubwa wake, mama mmoja mwenye redio kiunoni. Akasimama. Akaiona chupa, akaziona tende, akamwona mlinzi wake na finjani mkononi. Umm Nasir naye akamwona, na wala hakubabaika. Akatoa finjani ya pili, akaijaza, akamnyooshea. Yule mama akainua kiganja, hapana.

Kwa Umm Nasir kiganja kile kilikuwa sawa na kufungiwa mlango usoni. Akasema bila kunitazama, "Mwakio, mwambie huyu binti kwamba simuuzii. Ninampa."

Ningemwambiaje? Kijerumani sikujua, na Kiingereza changu wakati ule kilikuwa cha kulia, kushoto na rudi nyuma. Mlinzi alikuwa amenikodolea macho ya mtu anayezama. Basi nikaichukua finjani kutoka mkononi mwake, nikamgeukia Umm Nasir, nikaitikisa kidogo, kulia na kushoto. Kisha nikamrudishia mlinzi.

Alielewa. Nakwambia nuru ilimwingia. Akaitikisa ile finjani kwa mkono mzima, kama kengele ya shule. Umm Nasir akaanza kucheka, mabega yakapanda na kushuka chini ya abaya. Yule mama wa redio akauliza jambo. Mlinzi akamweleza kwa Kijerumani, maelezo marefu, sijui aliyatoa wapi kwa somo la dakika moja. Na yule mama akafanya kitu ambacho sijakisahau. Akaipokea finjani yake iliyojaa, akainywa akiwa amefumba macho, kama dawa, akaitikisa, akairudisha.

"Khalas," Umm Nasir akasema. "Hata huyu ameshiba."

Kisha tukaonyeshwa kwa heshima mlango wa mkahawa. Lakini hatukufukuzwa. Kila asubuhi baada ya hapo, tulipoingia chumba kile, yule mzee alikuwa akitutikisia mkono mtupu tangu mbali, kabla hatujamfikia, na Umm Nasir akimtikisia wake. Mpaka siku tuliyoondoka.

Mama yako aliipenda habari hii kuliko mimi niliyekuwepo. Kila mgeni aliyekanyaga hapa alisimuliwa. Aliongeza mambo: mara mlinzi alizimia, mara mlinzi alipandishwa cheo. Mimi nikitaka kusahihisha ananiambia, "Wewe ulikwenda kusukuma kiti. Niache mimi nisimulie." Ila kwa picha ya nyanya yako hakunikubalia hata siku moja. "Mzungu atafananaje na mama yangu?" Mimi namwambia macho, Saru, macho. Yeye ananiambia ni dhamiri yangu tu ndiyo iliyoniona. Alisema ipo siku ataingia mwenyewe kwenye chumba kile, asimame mbele ya huyo mama, akate shauri.

Unakumbuka lilipofunguliwa lile jumba la makumbusho la hapa, la ufukweni? Ijumaa alasiri ilikuwa lazima, awe ametoka zamu ya usiku hospitalini au la. Alichagua kitu kimoja tu kila safari, akakisimamia. Lile bakuli jeupe lenye mstari mmoja wa maandishi, alilitazama Ijumaa ngapi? Akatugeukia akasema, "Hili limeoshwa na watu mia nane hakuna aliyelivunja. Nyinyi wawili mngepewa, lingefika Jumanne." Na mimi nilipolala kwenye benchi la ukumbi wa mazulia, yule kijana mlinzi, Mganda, akaja kuniamsha, mama yako akamzuia. "Mwache huyo, ndugu yangu," akasema. "Huyo ni maonyesho ya kudumu." Wewe ulicheka mpaka ukatolewa nje, ukatusubiri kwenye ngazi.

Tangu tumzike hatujarudi. Wewe hukusema twende, mimi sikusema twende. Kila mmoja alikuwa akimwonea mwenzake huruma, na Ijumaa zikawa za kufua.

Badala yake ulianza kunimiminia. Sijui kama unajua ulivyofanya. Wiki ile ile ya msiba ulikuwa jikoni, na viatu vya shule bado miguuni. Chai ya asubuhi, chai ya saa kumi, ugali ninaoupenda, samaki usiompenda wewe. Nikikohoa unaleta limau. Nikinyamaza unakuja kukaa. Marafiki wako walipokwenda kuona fataki za baharini siku ya taifa, ulisema kichwa kinauma, na kichwa hakikuwa kinauma. Nami nikawa narudisha kikombe kwa mikono miwili. Nilidhani hiyo ndiyo adabu, kupokea unachopewa na mtoto wako aliyefiwa. Nilidhani nikikataa nitakuvunja. Nawe ukadhani baba bado hajashiba. Miaka hii yote, Mghoi, tumekuwa watu wawili barazani Umm Salal.

Kwa hiyo hebu sikia mambo yatakavyokuwa. Ijumaa hii nakwenda makumbusho. Nimeshamwambia Mzee Ouma wa ghorofa ya pili, naye amekubali, kwa sharti kwamba kuna mahali pa kukaa. Nimemwambia benchi la ukumbi wa mazulia ni zuri sana. Nitakwenda kulitazama lile bakuli. Kama limevunjika, wewe ni shahidi sikuwepo.

Nawe ukifika Vienna, usiende makumbusho wiki ya kwanza. Tafuta kwanza unapouzwa mkate. Halafu siku moja ya mvua ingia. Usione kila kitu. Wakikualika kwenye muziki wao mkubwa wa ukumbini, nenda, ila jua kwamba wanaponyamaza katikati bado hawajamaliza. Mimi nilipiga makofi peke yangu kama niko harambee, na Umm Nasir, akidhani bibi harusi ameingia, akapiga vigelegele. Ukumbi mzima uligeuka. Mzee mmoja mbele yetu akacheka, naye akapiga makofi. Kisha wote wakageuka tena mbele, muziki ukaendelea, na hatukufa. Niliona haya wiki nzima, na leo ndiyo sehemu pekee ya muziki ule ninayoikumbuka.

Kisha kitafute chumba cha nyanya yako. Huyo mzee wa masharubu lazima ameshastaafu, lakini yeyote utakayemkuta pembeni, msalimie. Simama mbele ya yule mama wa kola ya manyoya, ukate shauri ambalo mama yako hakupata nafasi ya kulikata. Kama anafanana, nipigie hata kama niko kazini, nataka mabasi yote yasikie. Kama hafanani, nipigie pia. Nitajua Saru alikuwa na haki, na hilo nimelizoea.

Nasikia lifti. Inasimama chini, mlango unagonga mara mbili kama kawaida yake. Nitaikunja barua hii niitie mfuko wa koti, maana najua hutalivaa hapa, na ukilivaa huko utatia mikono mfukoni kwa baridi. Lakini kusoma kwako huko hakutasaidia kitu kama hukupanda ndege. Kwa hiyo kesho nitafanya hivi.

Kesho asubuhi utanipikia chai, najua, ijapokuwa nitakwambia ulale. Nitainywa. Itakuwa na chumvi au itakuwa na sukari, nitainywa. Kisha utanyoosha mkono kuniongeza, kama kila siku. Hapo utautazama mkono wangu. Sitainua kiganja. Nitakitikisa kikombe kidogo, kulia na kushoto, halafu ndipo nitakurudishia.

Nimeshiba, mwanangu. Umemimina vizuri.

Baba yako,
Mwakio,
anayejua chumvi iko wapi